Neno "Misheni": Nani Ametumwa, na Kwa Kazi Gani?



Somo letu la robo mwaka hii linahusu neno moja tu, nalo ni neno "misheni". Hapa Tukuyu na wilaya nzima ya Rungwe tunalisikia kila siku: shamba la misheni, gari la misheni, maji ya misheni, mtu wa misheni. Tumelizoea kiasi kwamba hatuulizi tena maana yake. Lakini katika ziara za kutembelea miradi tumekuta kwamba neno hili, likieleweka vibaya, linaweza kuua mradi mzuri.

Chukueni mfano wa bomba la maji. Koki imechakaa, maji yanavuja usiku na mchana, na kina mama wa kitongoji cha chini wamerudi kuchota mtoni. Bei ya koki mpya haizidi mchango mdogo wa kaya chache. Ukiuliza kwa nini haijabadilishwa, unajibiwa kwa upole kabisa: "Yale ni maji ya misheni, tunawasubiri wenyewe." Wenyewe ni akina nani? Mmoja atasema ni dayosisi, mwingine atasema ni Wazungu, wa tatu atamtaja mchungaji. Ni vigumu kumpata anayesema kwamba wenyewe ni sisi.

Kwa hiyo tumeona ni vema tulichunguze neno hili tangu asili yake, kisha tuone linadai nini kwa kamati zetu.

1. Neno lilikotoka

"Misheni" tumelipata kutoka neno la Kiingereza "mission". Wajerumani waliofika huku nao waliliandika vivyo hivyo. Lugha hizo mbili zimelitoa katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kitenzi chake ni "mittere", maana yake kutuma, kupeleka, au kuachilia kitu kiende. Kutokana na kitenzi hicho likapatikana jina "missio", yaani kule kutuma kwenyewe. Angalieni kwamba katika asili yake hakuna jengo, hakuna shamba, wala hakuna fedha. Kuna tendo la mtu kumtuma mwenzake.

Kwa karne nyingi wanateolojia walilitumia neno hili kwa habari ya Mungu mwenyewe: Baba kumtuma Mwana, na kutumwa kwa Roho Mtakatifu. Desturi ya kulitumia kwa watu wanaopelekwa kuhubiri nchi za mbali ilishika mizizi katika karne ya 16, hasa kwa Wajesuiti, shirika la watawa lililothibitishwa na Papa mwaka 1540. Hao waliweka nadhiri ya kwenda popote watakapotumwa. Mmoja wao, Francis Xavier, alipita Malindi mwaka 1542 akiwa safarini kwenda India. Waingereza walianza kulitumia kwa maana hiyo mwishoni mwa karne hiyohiyo.

Baadaye neno likapanuka. Ujumbe wa kibalozi ukaitwa "mission", kazi maalumu ya askari ikaitwa hivyo, na safari ya chombo cha anga pia. Siku hizi kila shirika lina "mission" yake iliyobandikwa ukutani. Katika mipango mkakati yetu tunaiandika dhima au dhamira, ikifuatana na dira. Huko mitaani Dar es Salaam nako vijana wamelichukua kwa namna yao: mtu wa "mishentauni" ni yule anayeishi kwa kuhangaikia dili mjini. Hata katika matumizi hayo yote, wazo la kwanza bado lipo: kuna mtu amekwenda mahali kwa shughuli fulani.

Ndugu zetu Wakatoliki wanaiita ibada yao Misa. Jina hilo nalo linatoka katika shina hilo la Kilatini, kwa sababu ya maneno ya kuwaaga waumini mwishoni mwa ibada. Yaani ibada nzima imepewa jina la dakika ile watu wanapotoka mlangoni kurudi kwenye kazi zao.

2. Lilivyofika kwetu

Afrika Mashariki ililifahamu neno hili zaidi katika karne ya 19. Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Ujerumani aliyetumwa na shirika la Kianglikana la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kituo cha Bagamoyo mwaka 1868. Mwaka 1875 Freretown, karibu na Mombasa, ikaanzishwa kuwa makazi ya watu waliookolewa utumwani.

Kwetu Rungwe ni mwaka 1891. Mwaka huo makundi mawili yalifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa, katika nchi ambayo Wajerumani waliiita Konde, jina ambalo dayosisi yetu inalo hadi leo. Wamoravian walianzisha kituo chao Rungwe. Walutheri wa Shirika la Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walianzisha kituo walichokiita Wangemannshöhe. Katika miaka michache iliyofuata wakaongeza Manow, Mwakaleli na Ikombe. Shirika lenyewe la Berlin lilikuwa limeundwa mwaka 1824, na Wamoravian walikuwa wakituma watu ng'ambo tangu mwaka 1732.

Watu wetu waliona nini? Waliona nyumba za matofali, shule, dawa, miti ya matunda, kengele. Waumini wengi wa kwanza walijenga karibu na kituo, wakaishi kwa taratibu zake. Aliyekwenda kutibiwa alisema anakwenda misheni. Hivyo tendo la kutumwa likawa jina la mahali. Na kwa kuwa mahali pale palikuwa na mwenyewe, mwenye ufunguo na mwenye daftari la fedha, jina la mahali likawa pia jina la mwenye mali. Hatuwalaumu wazee wetu kwa hilo. Mtu hutaja kitu kwa kadiri anavyokiona.

3. Mwaka ambao wageni waliondolewa

Historia yetu wenyewe inasahihisha maana hiyo. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza yaliingia Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg. Wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa. Waskoti wa Livingstonia, katika nchi ambayo leo ni Malawi, waliombwa kuisimamia kazi, lakini walikuwa wachache na mbali. Kazi ya kila siku ya kuhubiri, kufundisha watoto na kuzika wafu ilibaki mikononi mwa walimu na wazee wa hapahapa, hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Wajerumani waliondolewa tena. Wakati ule vituo vya namna hiyo duniani viliitwa "misheni yatima".

Tulifikirie jina hilo. Kama misheni ni wageni na mali zao, basi waliobaki Manow na Mwakaleli walikuwa yatima kweli. Lakini kama misheni ni kutumwa, hawakuwa yatima, maana aliyewatuma hakukamatwa na jeshi lolote.

Makanisa yetu yalizidi kulitambua hilo. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa kanisa moja, ambalo leo ni KKKT. Mwaka huohuo mkutano wa makanisa ya dunia uliofanyika Mexico City ulisisitiza kwamba misheni inatoka katika mabara yote sita na kwenda katika mabara yote sita, kwa hiyo haina upande mmoja wa kutuma na mwingine wa kupokea tu. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbyterian Afrika Mashariki, Kenya, alikwenda mbali zaidi: alitaka kupelekwa kwa wamisionari na fedha kusimamishwe kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama yenyewe. Wengi hawakukubaliana naye, lakini swali lake halijaisha. Mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wa Fungamano la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

4. Kamati ni ndugu yake

Wengi hawajui kwamba neno "kamati" limezaliwa katika shina lilelile. Katika Kilatini, "mittere" ikitanguliwa na kiambishi chenye maana ya "pamoja" huwa "committere", yaani kukabidhi au kuweka kitu mikononi mwa mtu. Kutoka hapo Waingereza wakapata "committee", nasi tukapata kamati. Tena zamani, katika karne ya 15, neno hilo kwa Kiingereza halikuwa kundi la watu. Lilikuwa mtu mmoja aliyekabidhiwa jambo la wengine. Matumizi ya kundi yalizoeleka katika karne ya 17. Kwa hiyo mjumbe wa kamati asijione kama mmoja wa watu saba wanaoweza kusukumiana mzigo. Kwa asili ya neno, kila mmoja wao amekabidhiwa.

Ndugu wengine wa neno hili ni kamisheni na kamishna. Katika Kiingereza wapo pia "promise", yaani ahadi, na "missile", yaani kombora. Huyu wa mwisho ana fundisho lake. Kombora nalo limetumwa, lakini aliyelituma hakuwauliza wanaolipokea, wala halirudi kutoa taarifa. Miradi mingine hushuka kijijini kwa namna hiyo: imepangwa mbali, imeletwa kwa kishindo, na baada ya miaka michache linabaki shimo.

5. Kiswahili chetu kilikuwa na neno

Pengine hatukuhitaji kukopa. Kiswahili kina kitenzi "tuma", ambacho shina lake limo katika lugha nyingi za Kibantu. Tazameni ukoo wake ulivyo mkubwa. Aliyetumwa na Mungu ni mtume, na kazi yake ni utume. Anayetumika kwa ajili ya wengine ni mtumishi. Kundi lililopewa kazi maalumu ni tume. Kutumia ni kukifanya kitu kifae kwa shughuli, ndipo tunapata matumizi, lile neno ambalo kila mhazini analiandika juu ya safu ya pili ya daftari lake.

Na katika ukoo huohuo yumo mtumwa. Naye ametumwa. Tofauti yake na mtumishi ni nini? Mtumwa hakuulizwa, hajui sababu ya kazi, na matunda ya kazi si yake. Hapa tuwe wakweli. Kamati iliyoitwa kusaini tu karatasi ambazo hazikusomwa, ikapangiwa mradi ambao haikuuomba, imefanywa mtumwa. Ikishindwa kutunza mradi huo tusishangae. Lakini kamati iliyochaguliwa na mkutano wa usharika, ikaelezwa kazi yake na mipaka yake, hiyo ni tume kamili.

Hata jina la wajumbe wenyewe linafundisha. Mjumbe ni mtu anayebeba neno la wengine na kulifikisha. Anayehudhuria vikao kwa miaka mitatu bila kuwafikishia waumini hata neno moja, ujumbe wake uko wapi?

6. Maandiko yanasemaje

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 13, kinaeleza jinsi kanisa la Antiokia lilivyofunga na kuomba, likawawekea mikono Barnaba na Sauli, likawaacha waende. Wengi tunaihubiri sehemu hiyo. Sehemu ambayo hatuihubiri mara nyingi iko mwisho wa sura ya 14: walirudi Antiokia, wakalikusanya kanisa, wakaeleza yote Mungu aliyoyafanya pamoja nao. Safari ya kutumwa ilikamilika kwa taarifa, na taarifa ilitolewa mbele ya kanisa lote.

Liko jambo jingine, nalo linawahusu moja kwa moja wenye kushika fedha. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, Paulo anazungumzia michango iliyokusanywa kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu. Hakutaka kuibeba peke yake. Makanisa yalichagua ndugu wa kuandamana naye, ili pasiwe na wa kuwalaumu kuhusu fedha hizo. Ndugu hao, kwa Kigiriki cha Paulo mwenyewe, wanaitwa mitume wa makanisa. Kwa hiyo mhazini wa usharika anayepanda daladala kwenda benki Tukuyu na fedha za mradi, na kurudi na stakabadhi, anafanya kazi ambayo Paulo aliiita utume.

7. Mambo manne kwa kamati zetu

Kutokana na hayo, tunashauri kila kamati ijipime katika mambo yafuatayo.

Kwanza, mjue aliyewatuma. Kamati ya mradi itumwe na mkutano wa usharika au wa kijiji, na jambo hilo liandikwe katika muhtasari. Kamati iliyoteuliwa pembeni na watu wawili itawatumikia hao wawili.

Pili, mjue mnachotumwa. Hadidu za rejea ziandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka: kazi ni ipi, mwisho wake lini, kamati inaweza kuidhinisha matumizi ya kiasi gani bila kurudi kwa waumini. Katika mradi wa maji, itajwe nani anasafisha banio majani na mchanga vinapoziba wakati wa mvua za masika, nani anashika spana, na mfuko wa matengenezo unachangiwa lini. Kumbukeni pia kwamba tangu sheria ya maji ya mwaka 2019, huduma ya maji vijijini inasimamiwa na RUWASA kupitia vyombo vya watumiaji maji vya ngazi ya jamii. Kamati ya usharika isijifungie peke yake. Ishirikiane na chombo hicho tangu siku ya kupima mtaro.

Tatu, mpeleke mbele mlichopokea. Wafugaji wetu wanaufahamu utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Familia hupewa mtamba, na ndama jike anayezaliwa hupelekwa kwa familia nyingine. Hapo aliyepokea amegeuka kuwa mtumaji. Haulizi tena ng'ombe ni wa nani, kwa sababu yeye mwenyewe ametoa ng'ombe mbele ya majirani. Kila mradi utafute "ndama" wake. Aliyefundishwa kuatamiza miche ya parachichi afundishe wenzake wawili. Kikundi cha kuweka na kukopa kilichosimama kisaidie kingine kuanza.

Nne, mrudi na taarifa. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe kanisani na nakala ibandikwe mlangoni kabla haijatumwa dayosisini na kwa wafadhili. Usharika unaosikia hesabu zake kutoka kwa mgeni aliyekuja kukagua umegeuzwa mtazamaji katika kazi yake wenyewe.

8. Neno kwa marafiki wanaotuchangia

Tunawashukuru sana kwa moyo wenu. Tunaomba mpokee jambo hili kwa upendo. Bango la mradi likiwa na jina la mfadhili peke yake, kwa herufi kubwa, linamfundisha kila apitaye kwamba koki ikiharibika mwenyewe yuko ng'ambo. Andikeni jina la usharika au la kijiji kwanza. Aidha, fedha zikifika zikiwa na mpango uliokwisha kukamilika, kamati haina tena la kuamua, nayo hujifunza kusubiri. Ni heri mradi uchelewe miezi sita, watu wakibishana kuhusu njia ya bomba, kuliko kumalizika haraka ukiwa hauna mwenyewe.

Nasi tunawaomba mhesabu kwamba na ninyi ni watu mnaohitaji kutumiwa watumishi. Wageni kutoka sharika rafiki wanapokuja Rungwe wanatumwa kwetu. Sisi tunapokuja kwenu, au tunapowaombea katika ibada zetu, tunatumwa kwenu. Zote mbili ni misheni.

Maswali ya kujadili katika kikao cha kamati

1. Katika usharika wetu, mtu akisema "ya misheni", anamaanisha nani? Tajeni mali au miradi mitatu inayoitwa hivyo, kisha mwandike mbele ya kila mmoja jina la anayeitunza leo.

2. Kamati yetu ilitumwa na nani? Je, muhtasari wa kikao hicho upo, na hadidu za rejea ziko kwa nani?

3. Ni lini mara ya mwisho waumini walisomewa mapato na matumizi ya mradi?

4. Ni kitu gani tulichopokea ambacho bado hatujakipeleka kwa mwingine?

5. Koki ikiharibika wiki hii, nani atapigiwa simu kwanza, na fedha zitatoka wapi?

Tunapendekeza swali la tano lijibiwe kwa majina na kiasi, na majibu yake yaandikwe katika muhtasari kabla kikao hakijafungwa kwa sala.

Bwana awabariki katika kazi aliyowatuma.